Chupa nusu kabatini: kuacha na kurudia PrEP wakati wa janga

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni shoga wa miaka 34 na nimetumia PrEP ya vidonge, dawa ya kujikinga na VVU kabla ya ngono, tangu 2018. Korona ilipotufungia ndani mwaka 2020 sikuwa na mtu wala sikutoka, nikaona kumeza kidonge kila siku ni kama kufungua mwavuli chumbani. Nikaacha. Miezi minne baadaye masharti yalipolegezwa nilikutana na mtu, nikameza vidonge viwili vitatu vilivyobaki chupani na mambo yakaendelea. Sikupima kwanza. Majibu ya baadaye yalikuwa hasi, ila najua ilikuwa bahati tu.

Sasa kila mlipuko mpya ukitajwa kwenye habari, marafiki zangu wanaanza mabishano yale yale. Mmoja anasema ukifungiwa usiache hata siku moja. Mwingine hukata kidonge katikati ili chupa idumu. Wa tatu mpenzi wake anaishi na VVU, na anadai dawa za mwenzake ni zile zile, kwa hiyo duka lipo nyumbani. Na yupo anayeapa kwamba PrEP ndiyo iliyomkinga na korona. Tuambieni: mtu anaachaje, anarudije, aweke akiba ya kiasi gani, na akishikwa na homa katikati ya janga atajuaje ni homa ya nini?

Chupa Nusu

*

Ndugu Chupa Nusu,

Kuacha hakukuwa kosa. PrEP si dawa ya maisha kama ARV zilivyo kwa anayeishi na VVU. Ni kinga ya kipindi, na kipindi kisicho na ngono hakina cha kukingwa. Wengi walifanya ulichofanya. Katika kituo kimoja cha afya mjini Boston, Marekani, kati ya Januari na Aprili 2020 wanaoanza PrEP walipungua kwa asilimia 72, na waliopitisha tarehe ya kuchukua dawa waliongezeka karibu mara tatu. Hapo wamo waliokuwa wamepiga hesabu yao vizuri tu. Takwimu inayotusumbua sisi ni nyingine: vipimo vya VVU na vya magonjwa ya zinaa vilishuka kwa asilimia 85. Janga likija, kitanda na maabara hufungwa siku moja, lakini kitanda hufunguliwa mapema zaidi. Hapo katikati ndipo wewe ulipopita.

Kwa hiyo rafiki yako wa kwanza anakaza bure. Kazi iko kwenye mlango wa kutokea na mlango wa kurudia.

Kutoka kwanza. Tunazungumzia kidonge cha kawaida, chenye tenofoviri disoproksili miligramu 300 pamoja na emtrisitabini 200 au lamivudini 300. Mwanaume anayekitumia kujikinga katika ngono anaendelea kumeza kimoja kwa siku hadi siku 2 zipite tangu ngono ya mwisho, kisha anaacha. Huo ndio mwongozo wa sasa wa Shirika la Afya Duniani. Ukimsikia mhudumu akitaja siku 28, anafuata mwongozo wa zamani. Hakudhuru, anakumalizia vidonge tu. Siku 2 zinatosha kwa sababu tenofoviri hujikusanya kwa wingi kwenye utando wa njia ya haja kubwa na hukaa ndani ya seli kwa siku kadhaa. Ukeni haijikusanyi kwa kiasi hicho. Ndiyo maana wanawake huhitaji siku 7 za kumeza kabla ya kukingwa na siku 7 za kumalizia baada ya ngono ya mwisho, na ratiba hiyo ya siku 7 ndiyo ya wanawake waliobadili jinsia wanaotumia homoni za estrojeni na ya yeyote anayejidunga dawa za kulevya. Usimpe ratiba yako mtu wa kundi hilo.

Kabla ya kuacha lipo swali moja ambalo watu hulisahau: una homa ya ini aina ya B? Tenofoviri na mwenzake huidhibiti pia homa hiyo. Mwenye maambukizi sugu akiacha ghafla, virusi vya ini vinaweza kufumka na kumlaza hospitali, tena hospitali iliyojaa wagonjwa wa janga. Kipimo chake hufanywa mara moja mwanzoni mwa PrEP, kwa hiyo majibu yako yapo kwenye faili. Yatafute kabla mlango wa kliniki haujafungwa. Kama ni chanya, usiache na usiruke siku bila daktari; kama ni hasi na hujachanjwa, omba chanjo.

Sasa kurudi. Jiulize tangu ulipoacha kuna ngono gani iliyopita bila dawa na bila kondomu.

Kama haipo, kipimo chenye majibu hasi kinakutosha. Masaa 2 hadi 24 kabla ya ngono meza vidonge 2 kwa pamoja, kisha kimoja kila baada ya masaa 24. Ukiweza kuvimeza karibu na masaa 24 kuliko 2, bora zaidi. Ulichokifanya wewe, vidonge viwili vitatu bila mpangilio, huenda kilianza vizuri na kikaishia njiani. Viwili vya mwanzo huweka dawa, vya baadaye huilinda hadi virusi vilivyoingia vikose pa kushika. Wanaume wengi hukumbuka vya mwanzo kwa sababu ya hamu, na husahau vya mwisho kwa sababu hamu imekwisha.

Kama ngono hiyo ipo na haijapita masaa 72, PrEP sio dawa yako leo. Unahitaji PEP, yaani dawa za dharura za kuzuia VVU baada ya tukio, ambazo ni tatu kwa siku 28, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yao. Wakati wa janga watu huogopa kwenda kitengo cha dharura kwa jambo lisilotoa damu. Nenda, hii ni dharura. Siku ya 28 ikiisha na kipimo kikawa hasi, unaingia PrEP bila kuacha siku hata moja katikati.

Kama ngono hiyo imepita masaa 72 lakini ni ya wiki chache zilizopita, pima leo, anza kama ni hasi na huna dalili yoyote, kisha pima tena baada ya mwezi mmoja. Kipimo cha pili ndicho chenye maana hapa. Aliyeambukizwa bila kujua akianza PrEP anatumia dawa mbili mahali panapohitaji tatu, na virusi hujifunza kuzikwepa, hasa emtrisitabini na lamivudini. Siku atakapohitaji tiba, sehemu ya tiba imeshaharibika. Ndiyo sababu tunang'ang'ania kupima, wala si urasimu wa kliniki.

Kwa mtu anayekutana na mwenzake mara chache na kwa kupanga, kama ilivyokuwa kwa wengi wakati wa kufungiwa, upo mtindo wa 2+1+1 (vidonge viwili kabla ya ngono, kisha kimoja na kimoja), na ndio unaofaa kuliko kukata vidonge. Jaribio lililofanyika Ufaransa na Kanada, ambalo matokeo yake yalitoka 2015, lilionyesha unapunguza maambukizi kwa asilimia 86 kwa wanaume wanaofanya ngono na wanaume, na Shirika la Afya Duniani liliukubali mwaka 2019. Chukua mfano wa wikiendi. Ijumaa saa 2 usiku unameza 2. Kuanzia saa 4 usiku umekingwa. Jumamosi saa 2 usiku kimoja, Jumapili saa 2 usiku kimoja. Ngono ya mwisho ikiwa Jumapili saa 4 usiku, unafungia na kimoja Jumatatu na kimoja Jumanne, saa ile ile. Jumla ni vidonge 6. Kama ingekuwa mara moja tu Ijumaa, vingetosha 4: viwili, kimoja Jumamosi, kimoja Jumapili.

Chupa ya 30 ina mizunguko 7 ya vidonge vinne na vidonge viwili juu. Kwa mtu wa mara moja kwa mwezi hiyo ni zaidi ya nusu mwaka. Ila usiuchague mtindo huu kama ngono yako hujitokeza tu bila taarifa, au kama una homa ya ini B. Na vile vidonge vidogo vyenye tenofoviri alafenamidi, miligramu 25, havitumiki hivi. Ni vya kila siku peke yake. Soma jina lote kwenye chupa, neno la pili ndilo linalotofautisha.

Rafiki wa nusu kidonge mwambie aweke kisu. Hakuna jaribio lililoonyesha kwamba nusu inakinga. Kama shida yake ni uhaba, aruke siku akiwa na kidonge kizima. Vipimo vya damu vya wanaume waliokuwa kwenye jaribio kubwa la kwanza la PrEP vilikadiria kwamba viwango vya dawa vinavyolingana na vidonge 7 kwa wiki hukinga kwa asilimia 99, vinne 96, na viwili 76. Maana yake mtumiaji wa kila siku aliyesahau kidonge kimoja au viwili katika wiki asipagawe; ameze akikumbuka, aendelee. Lakini kushuka hadi viwili ni kuingia kwenye kamari. Na akifika hapo kwa sababu dawa haipatikani, ahamie 2+1+1 kwa mpangilio badala ya kupunguza kwa kubahatisha.

Wa tatu, mwenye duka nyumbani, ndiye anayetutisha zaidi. Ni kweli dawa ya mwenzake ina tenofoviri na lamivudini, na mara nyingi ina dolutegraviri pia. Lakini tazama anachokivunja. Mtu anayeishi na VVU ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo haambukizi kwa ngono. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia wapenzi wa kiume, jozi 782, ambao mmoja anaishi na VVU na yuko kwenye dawa. Walifanya ngono bila kondomu zaidi ya mara 76,000 na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake. Kinga ya nyumba hiyo imo kwenye chupa ya mwenzake. Akichota humo, chupa ya siku 30 inakuwa ya siku 15, mwenzake anakosa dozi katikati ya janga, virusi vinapanda, na sasa wote wawili wako hatarini. Amwachie mwenzake dawa zake zote, na PrEP aitafute kwa ajili ya mahusiano ya nje tu, kama yapo.

Homa sasa. Hapa ndipo janga linapodanganya watu wengi. Maambukizi mapya ya VVU hujitokeza wiki 2 hadi 4 baada ya tukio, kwa homa, koo kuuma, uchovu, kichwa, misuli kuuma, tezi kuvimba shingoni au kwapani, na mara nyingine upele kifuani na mgongoni. Korona huleta karibu yote hayo, mafua makali vilevile. Mwaka 2020 mtu mwenye homa alipimwa korona, akaambiwa hasi, akarudi nyumbani bila yeyote kumuuliza jingine. Mafua mepesi, kikohozi na kupoteza harufu huelekeza zaidi kwenye korona; upele na tezi zilizovimba huelekeza zaidi kwenye VVU. Lakini hakuna dalili ya kuhukumia. Kipimo ndicho kinachohukumu. Kwa hiyo ukipata homa ndani ya wiki 6 baada ya kuacha au kurukaruka dawa, taja mwenyewe: "Natumia PrEP, niliacha tarehe fulani, nilikuwa na ngono tarehe fulani, naomba na kipimo cha VVU cha antijeni au cha virusi vyenyewe." Usiseme tu kwamba una homa. Na mpaka majibu yatoke, usianze PrEP upya, tumia kondomu.

Homa hiyo hiyo ina mtego wa pili. Ukiwa kwenye tenofoviri, ishushe kwa parasetamoli. Ibuprofeni na diklofenaki kwa dozi kubwa, siku nyingi mfululizo, zikikutana na tenofoviri na mwili uliokauka kwa kuharisha au kutapika, zinaweza kuumiza figo. Kidonge kimoja cha ibuprofeni kwa jino hakina neno. Wiki nzima ya kuvitafuna kitandani ndiyo hatari. Kunywa maji.

Kipimo cha kreatinini cha figo kikikosekana kwa sababu maabara imefungwa, mtu wa chini ya miaka 30 asiye na ugonjwa wa figo, kisukari au shinikizo la damu haachi dawa kwa hilo. Kwa umri wako na afya njema, kipimo kimoja miezi 1 hadi 3 baada ya kuanza hutosha. Kuanzia miaka 50, au ukiwa na magonjwa hayo, hufanywa kila miezi 6 hadi 12, na tenofoviri disoproksili huhitaji figo zinazosafisha angalau mililita 60 kwa dakika.

Kipimo cha VVU ndicho kisichokosekana: kila miezi 3, na mwezi mmoja baada ya kuanza au kuanza upya. Hata hivyo hakikufungi na kliniki. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali vipimo vya kujipima vitumike kuanzia, kuendelea na kurudia PrEP ya vidonge. Kwa kipimo cha mate kinachotumika sana, usile wala kunywa kwa dakika 15 kabla, na kama umepiga mswaki subiri dakika 30. Pitisha kijiti mara moja kwenye ufizi wa juu na mara moja wa chini, sio kwenye ulimi wala mashavuni, kitie kwenye kichupa, soma kati ya dakika 20 na 40. Ukisoma dakika ya 10 umesoma mapema, ukisoma kesho umesoma uongo. Chanya huthibitishwa kliniki. Hasi haihesabu yaliyotokea ndani ya miezi 3 iliyopita, na PrEP yenyewe inaweza kuchelewesha kingamwili kuonekana, kwa hiyo mwenye dalili asitulie na kipimo cha mate peke yake.

Akiba: usiombe chupa moja. Mwezi Mei 2020 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kiliwaelekeza watoa huduma watoe dawa za siku 90 kwa mara moja badala ya 30, ili watu wasipange foleni. Na sehemu nyingi huo ndio utaratibu wa kawaida sasa, ukiuliza. Weka vipimo viwili vya kujipima pamoja nazo, na agiza upya zikibaki siku 14. Hifadhi chini ya nyuzi 30, ndani ya chupa yake, na kile kipakiti cha kunyonya unyevu usikitupe. Ukifungiwa na familia na lebo ya chupa ni tatizo, hamishia vidonge vya wiki moja tu kwenye kikopo kikavu chenye kifuniko cha kubana, kilichobaki kifiche kilipo. Jikoni na bafuni hapana, mvuke huviharibu.

Wanaotumia PrEP ya sindano wana hesabu nyingine, maana sindano huhitaji mtu wa kuidunga. Kabotegraviri hudungwa kila miezi 2. Ukiona tarehe itapita kwa zaidi ya wiki moja kwa sababu ya karantini, anza vidonge vya kila siku tarehe ile ile sindano ilipotakiwa, usisubiri. Mabaki yake hukaa mwilini kwa mwaka au zaidi yakipungua kidogo kidogo: hayatoshi kukinga, yanatosha kufundisha virusi usugu. Lenakapaviri, iliyoidhinishwa Marekani Juni 2025, ni kila miezi 6, na kwa dunia ya milipuko hilo ni jambo kubwa kuliko matangazo yote.

Kuhusu korona na PrEP: hapana. Mwaka 2020 utafiti wa Hispania uliotazama watu wanaoishi na VVU uliwapa watu matumaini kuhusu tenofoviri, lakini kinga hiyo haikuthibitishwa. Rafiki yako alikingwa na mlango uliofungwa. Chanjo za korona hazigombani na PrEP, na PrEP haizuii mpox, kaswende, kisonono wala klamidia.

Tumebakiwa na ile chupa yako. Kama imekaa kabatini tangu 2020, usihesabu vidonge, angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa chini au ubavuni. Kwa hakika imepita, irudishe kwenye duka la dawa. Kama ni mpya zaidi na tarehe ingalipo, toa vidonge mezani: vilivyobadilika rangi, vilivyomomonyoka au kushikana, weka kando. Vilivyobaki vizima vikifika vinne una mzunguko mmoja. Vikiwa vitatu huna.

Mshauri